Tuangalie Chini Kabla ya Kuchimba: Rada ya Bei Nafuu Mikononi mwa Wanafunzi Wetu

Hii ni hotuba ya mhandisi wa maji kwa wanafunzi wa vyuo vya kiufundi, walimu wao na wakazi wa Kaunti ya Machakos. Tunaichapisha kwa sababu inagusa mabomba, barabara na pesa za kila mkazi.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya mradi ambao wanafunzi wanataka kuuanza, yaani kuunda rada ya kuangalia chini ya ardhi kwa gharama ndogo. Nitazungumza kwa lugha ambayo mama aliyefunga kibanda chake cha mboga ili aje hapa ataielewa. Nitasema pia yale ambayo mashine hii haiwezi kufanya, maana hasara kubwa hutokea mtu akiamini kifaa kupita kiasi.

Kwa nini tunaitaka

Kila mkazi wa mjini amewahi kuona jambo hili. Tingatinga linakuja kupanua barabara, au vijana wanachimba mtaro wa kupitisha nyaya za intaneti. Kufikia saa nne asubuhi maji yanaruka juu, na jioni mtaa mzima hauna maji. Bei ya mtungi wa lita 20 inapanda. Kuna na hatari isiyoonekana: bomba likipoteza shinikizo, maji machafu yaliyo mtaroni huweza kuingia kupitia nyufa na maungio. Kama bomba la maji taka liko karibu, tunachokunywa siku ya tatu si maji tena, ni ugonjwa.

Dereva wa tingatinga hakukusudia. Hakuwa na ramani. Mabomba mengine yalilazwa kabla yeye hajazaliwa, na fundi aliyejua yanapopita alistaafu akaondoka na ujuzi wake kichwani.

Ripoti za WASREB, shirika la kudhibiti huduma za maji nchini, zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji hayalipiwi. Sehemu hupotea kwa kuvuja, sehemu kwa kuunganishwa kinyume cha sheria, na sehemu kwa mita mbovu. Rada haitatibu yote hayo. Lakini huwezi kurekebisha bomba usilojua liko wapi.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti huduma za maji na usafi wa mazingira, barabara za kaunti, na pia vyuo vya kiufundi vya vijijini. Kwa hivyo anayechimba barabara, anayelaza bomba na anayemfundisha kijana ufundi wanakaa chini ya paa moja. Tukishindwa kuzungumza sisi kwa sisi, tutamlaumu nani?

Rada inavyosikiliza ardhi

Ukisimama upande mmoja wa bonde ukapiga kelele, sauti inagonga mlima na kukurudia. Ukihesabu muda iliyochukua, unaweza kukadiria umbali wa mlima. Rada hufanya vivyo hivyo kwa mawimbi ya redio. Antena moja inatuma mawimbi ardhini, na ya pili inasikiliza mwangwi.

Mawimbi hurudi pale yanapokutana na kitu kilicho tofauti na udongo unaokizunguka, kama chuma, maji, mwamba au shimo lenye hewa. Wazo hili si geni. Mwaka 1929 mtafiti aliyeitwa W. Stern alitumia mawimbi ya redio kupima kina cha barafu ya milimani huko Austria. Mwaka 1972 chombo cha Apollo 17 kilibeba rada ya kuchungulia chini ya uso wa mwezi.

Hewani mawimbi husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, na nanosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni. Yakiingia ardhini hupunguza mwendo. Katika mchanga mkavu ni kama sentimita 15 kwa nanosekunde. Katika udongo uliolowa sana yanaweza kushuka hadi sentimita 6 hivi.

Hapa, vijana, nawaomba mtoe kalamu. Tuseme mwangwi umerudi baada ya nanosekunde 20. Safari ni ya kwenda na kurudi, kwa hivyo tunagawanya kwa mbili na kubaki na 10. Kama mchanga ni mkavu, bomba liko sentimita 150 chini. Kama udongo umelowa, bomba liko sentimita 60 tu. Mwangwi ni uleule, lakini majibu yanatofautiana kwa sentimita 90. Mtu akipima baada ya mvua ya Novemba kwa hesabu ya kiangazi cha Septemba, atamwambia dereva wa tingatinga kwamba bomba liko mbali, na ndoo ya chuma italikata. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya mwenye rada ni kuujua udongo anaosimama juu yake.

Bahati nzuri, bomba lenyewe hutusaidia. Ukisukuma rada kulikatiza bomba, mwanzoni uko mbali nalo na mwangwi unachelewa. Ukifika juu yake unawahi. Ukilipita unachelewa tena. Kwenye kioo cha tarakilishi inajichora alama kama upinde unaotazama juu. Kilele cha upinde ndicho mahali bomba lilipo. Namna mikono ya upinde inavyoshuka inatuwezesha kukokotoa mwendo wa mawimbi katika udongo huo, na hapo ndipo tunapata kina cha kuaminika.

Vifaa ambavyo darasa linaweza kumudu

Rada za aina hii zinazouzwa madukani hugharimu mamilioni ya shilingi. Ndiyo maana nyingi ziko kwa wakandarasi wakubwa na watafiti.

Mwaka 2011, katika chuo cha MIT huko Marekani, Gregory Charvat na wenzake walifundisha kozi fupi ya kuunda rada ndogo. Antena zake zilikuwa mikebe miwili ya kahawa. Mwangwi uliingia kwenye kipakatalishi kupitia tundu la sauti, na vifaa viligharimu dola 360 hivi. Rada ile ilipima watu na magari juu ya ardhi, haikutazama chini. Masafa yake, gigahezi 2.4, ni ya juu mno kwa udongo wetu uliolowa, kwa sababu kadiri masafa yanavyopanda ndivyo udongo unavyoyameza mawimbi upesi. Lakini ilithibitisha kwamba rada inaweza kuundwa juu ya meza ya darasa.

Kwa kazi ya ardhini kuna njia nyingine. Kuna kifaa kidogo kinachoshikika mkononi kiitwacho NanoVNA, ambacho mafundi wa redio hukitumia kupima antena. Kinauzwa kwa maelfu ya shilingi, si mamilioni. Kinatuma wimbi la masafa fulani, kinapima kilichorudi, kisha kinapanda hatua moja na kurudia, kama mtu anayebonyeza vibonye vya kinanda kimoja baada ya kingine. Mkikiweka kianze megahezi 200 na kuishia 600, kwa hatua 100 za megahezi 4, mtapata orodha ya majibu. Kipakatalishi kinageuza orodha hiyo kuwa muda wa mwangwi kwa hesabu ya Fourier, ambayo programu ya Python inaifanya kufumba na kufumbua.

Mpana huo wa megahezi 400 una maana yake. Katika mchanga mkavu, rada yenu itaweza kutenganisha vitu viwili vilivyopishana kina kwa sentimita 19 hivi. Mabomba mawili yaliyolazwa karibu zaidi ya hapo yataonekana kama kitu kimoja. Mjue pia kwamba NanoVNA ya kawaida huanza kusikia kwa udhaifu masafa yakipita megahezi 300. Msishangae mwangwi wa mbali ukipotea katika kelele.

Antena mtazikata wenyewe kutoka bati jembamba la shaba au alumini. Kila antena ni pembetatu mbili zinazotazamana kwa ncha, mfano wa kipepeo aliyekunjua mabawa, na urefu wake wote ni kama sentimita 40. Zifungwe ndani ya sanduku la mbao ambalo juu limefunikwa kwa bati ili mawimbi yasipande hewani, na chini liko wazi likikaribia kugusa ardhi. Pasua mbao sawasawa, kaza nyaya zisitikisike, kwa maana waya ukicheza hata kidogo vipimo vinabadilika. Hapo mwanafunzi wa useremala ana kazi sawa na yule wa umeme.

Kifaa hiki hakina kasi. Kila kipimo kinahitaji kusimama. Tandazeni utepe wa kupimia ardhini, msogeze sanduku sentimita 5, mpime, msogeze tena. Mstari wa mita 10 ni hatua 200. Ni kazi ya subira, lakini haraka haraka haina baraka.

Kuna mtego mmoja. Mwangwi wenye nguvu kuliko wote si wa bomba. Ni ule unaoruka moja kwa moja kutoka antena hadi antena, na ule wa uso wa ardhi. Mtauondoa kwa kutafuta wastani wa vipimo vyote vya mstari na kuutoa katika kila kipimo. Lakini mkitembea sambamba na bomba, bomba nalo litakuwa katika kila kipimo, na hesabu hiyohiyo italifuta! Kwa hivyo daima pimeni kwa kukatiza njia ambayo bomba linadhaniwa kupita, na mrudie mistari kadhaa.

Shimo la majaribio kwanza

Kabla ya kuleta rada barabarani, nataka chuo kitenge kipande cha uwanja. Zikeni bomba la chuma, bomba la plastiki lililojaa maji, bomba la plastiki tupu, mtungi wa maji na jiwe kubwa. Viwe katika kina cha sentimita 30, 60 na 90. Andikeni kila kimoja kiko wapi, kisha muache udongo ushikane.

Mtagundua kwamba chuma kinapiga mwangwi mkali. Plastiki yenye maji nayo inaonekana vizuri, kwa sababu ya maji yaliyomo. Plastiki tupu ndani ya mchanga mkavu ni taabu, maana machoni pa rada plastiki na mchanga mkavu zinakaribiana. Ni vyema mjue hilo uwanjani kwenu, kabla ya kusimama mbele ya mkandarasi na kumwambia, "Hapa hakuna kitu."

Halafu darasa lingine lizike vitu vyake bila kuwaambia. Pimeni, andikeni majibu, kisha mfukue. Hesabuni mlivyopata na mlivyokosa, na mtangaze hesabu zote mbili. Fundi anayejua kwamba kati ya mabomba 10 anakosa mawili ni wa kuaminika kuliko asiyewahi kujipima.

Ardhi ya kaunti yetu si moja

Upande wa Athi River na Mlolongo tuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama ugali wakati wa mvua. Udongo huu unapitisha umeme na unameza mawimbi. Ukilowa, rada yenu huenda isione hata nusu mita. Huko msiahidi mengi. Pimeni mwisho wa kiangazi, na mkubali kwamba kuna siku jibu litakuwa "hatuoni".

Kwenye udongo wa kichanga mambo ni bora. Na kuna mahali ambapo mradi huu unaweza kutupa faida ambayo wengi hawajaifikiria, nayo ni mito yetu ya msimu. Tangu zamani watu wetu wamechimba visima mchangani mto ukikauka, na kaunti hii inajulikana kwa mabwawa ya mchanga. Mchanga huhifadhi maji katikati ya chembe zake, na hata robo ya ujazo wake au zaidi inaweza kuwa maji. Anayetaka kujenga ukuta wa bwawa hilo anahitaji kujua mwamba uko kina gani. Kwa kawaida tunachomeka fimbo ya chuma hapa na pale. Rada ikiweza kufuata mwamba kati ya fimbo moja na nyingine, tutachagua mahali pa ukuta kwa uhakika zaidi. Hata hivyo fimbo isitupwe, kwa sababu ndiyo inayoisahihisha rada.

Yale ambayo rada hii haiwezi

Sasa nazungumza na wazee na wenye mashamba. Sikilizeni sana.

Rada hii haioni maji ya kisima kirefu. Visima vingi vya kuchimbwa kwa mashine katika sehemu zetu hupita mita 100. Rada ya wanafunzi inatazama mita moja, mbili, pengine tatu katika mchanga mzuri. Hata rada ya mamilioni haifiki kina cha visima hivyo katika udongo kama wetu. Mtu akija kwako na kisanduku chenye taa, akatembea shambani dakika 10, akasema "rada imeona mto mita 150 chini, lete pesa", mpe chai aende zake. Na anayedai kisanduku chake kinaona dhahabu, hata chai usimpe.

Kwa kisima, njia ni kumwita mtaalamu wa maji ya ardhini mwenye leseni. Yeye hupima namna ardhi inavyozuia umeme, husoma miamba na rekodi za visima vya jirani, na huandika ripoti. Kisha unaomba idhini kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchimba. Bado kisima kinaweza kukosa maji, lakini angalau hukuuza ng'ombe kwa ajili ya hadithi.

Na hata kwa mabomba, rada haiondoi jembe. Ikionyesha upinde, tunachimba kwa mkono taratibu hadi tuone bomba kwa macho. Baada ya hapo ndipo tingatinga linaruhusiwa kusogea.

Sheria na usalama

Wazazi wameniuliza kama mawimbi haya yatawadhuru watoto. NanoVNA inatuma nguvu iliyo chini ya miliwati moja. Simu ya kawaida ya GSM inaweza kufikia wati 2, yaani zaidi ya mara elfu mbili. Hatari kubwa zaidi katika kazi hii ni mitaro na magari. Vaeni viakisi mwanga, wekeni alama, na mtu mmoja abaki akitazama barabara.

Lakini masafa ya megahezi 200 hadi 600 yana wenyewe, ikiwemo televisheni. Chuo kiwasiliane na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kabla ya kuwasha kifaa nje ya karakana. Kuomba ruhusa kwanza ni sehemu ya uhandisi.

Ninachowaomba

Nikimaliza, nina maombi matatu.

Ombi la kwanza ni kwa wanafunzi. Kila bomba mtakaloliona, liandikeni: mahali, kina, aina ya bomba, tarehe, na hali ya udongo siku hiyo. Rada bila daftari ni mchezo. Miaka 20 ijayo sanduku lenu litakuwa limeoza, lakini ramani itakuwa bado inalinda maji ya mtu.

La pili ni kwa sisi wa idara. Kuanzia sasa bomba jipya likilazwa, lipimwe na lipigwe picha kabla mtaro haujafukiwa. Ni aibu kuzika leo kile ambacho kesho tutahitaji rada kukitafuta.

La tatu ni kwenu wakazi, hasa wazee. Ninyi ndio rada yetu ya kwanza. Mnakumbuka mtaro ulichimbwa mwaka gani, ulipita nyuma ya duka la nani, ulikatiza barabara wapi. Wanafunzi wakija kuuliza, msiwafukuze mkidhani wanatafuta viwanja. Waonyesheni mnapokumbuka, nao watapima kama kumbukumbu na mwangwi vinakubaliana. Mahali viwili hivyo vinapokutana, tutachora mstari kwa wino.

Wahenga walisema, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Sisi tumezoea kuchimba tukiwa tumesimama wima, halafu tunashangaa maji yanapotulowesha. Vijana hawa wanajitolea kuinama kwa niaba yetu. Tuwape uwanja, tuwape muda, na tuwasikilize hata wanapotuambia kwamba mahali fulani hawaoni.

 Sasa tuanze maswali, na wazee wapewe nafasi ya kwanza.